Fungu la Nani? Maadili ya Chakula na Msamiati Wake katika Mashamba Madogo ya Voi na Taita Taveta

Utangulizi

Mjadala wa maadili ya chakula, kama unavyofundishwa katika vyuo vikuu vingi, umejengwa juu ya mlaji ambaye ni mnunuzi. Tangu Peter Singer alipochapisha kitabu chake Animal Liberation mwaka 1975, swali kuu limekuwa la mtu aliyesimama mbele ya rafu za duka: je, ni haki kwake kununua nyama, mayai au maziwa yaliyopatikana kwa kumtesa mnyama? Swali hilo ni zito wala halistahili kubezwa. Hata hivyo, likichukuliwa lilivyo na kupelekwa katika shamba la ekari mbili chini ya mlima Sagalla, karibu na mji wa Voi, linapwaya. Mwenye shamba hilo hanunui kuku. Anamfuga, anamtambua kwa rangi na kwa tabia, na yamkini atamuuza ili anunue madaftari ya mtoto badala ya kumla. Nyama kwake ni chakula cha nadra. Na mnyama anayemnyima usingizi hayumo bandani. Ni ndovu anayetoka mbugani usiku wa manane na kuingia katika mahindi yaliyokaribia kukomaa.

Makala haya yanachunguza maadili ya chakula katika mazingira hayo kwa njia ya msamiati. Hoja inayotetewa ni kwamba maadili ya chakula katika shamba dogo ni maadili ya mafungu. Kabla ya kuuliza chakula kimepatikana kwa njia gani, watu wa shambani huuliza kwanza ni fungu la nani: la mtoto, la mgeni, la jirani, la msimu ujao, la soko, au la mnyama. Kiswahili kina maneno mengi ya kuyatenganisha mafungu haya, na mengi kati ya maneno hayo mwanafunzi wa leo huyapitia katika kamusi bila kutambua kwamba kila moja limebeba hukumu.

Mahali na watu

Mbuga za Taifa za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizoanzishwa mwaka 1948, zimechukua takriban asilimia 62 ya eneo la Kaunti ya Taita Taveta. Sehemu iliyosalia imegawanywa baina ya ranchi, mashamba makubwa ya katani, miji na wakulima wadogo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 340,671 katika kaunti nzima. Kwa hiyo mtu anapozungumzia shamba dogo mahali hapa, anazungumzia kipande cha ardhi ambacho aghalabu mpaka wake mmoja unatazamana na makazi ya wanyamapori.

Hali ya nchi si moja. Juu ya milima ya Taita, ambako kilele cha Vuria kinapita mita 2,200, kuna ukungu, vijito na mashamba ya ngazi yenye mboga mwaka mzima. Huko Taveta, maji yanayotoka chini ya Kilimanjaro hustawisha migomba, na soko la mji huo la Jumatano na Jumamosi linajulikana hadi Mombasa kwa ndizi zake. Lakini tambarare za Voi, Sagalla na Kasigau ni kavu. Mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo za kutegemewa kuliko masika, nazo pia huvunja ahadi. Mkulima hupanda mahindi akijua kwamba mtama ungemfaa zaidi, kwa sababu watoto wamezoea ugali mweupe na kwa sababu ndege humaliza mtama. Kisha huyasindikiza mahindi hayo kwa kunde, mbaazi, muhogo na pojo, ambazo majirani kutoka bara huziita ndengu.

Tofauti hiyo ya pojo na ndengu si ya bahati. Reli ilifika Voi mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na tangu hapo mji umekuwa njiapanda ya Wadawida, Wasagalla, Wakasigau, Wataveta, Wakamba, Waswahili wa pwani na wengineo. Nyumbani hunenwa Kidawida au Kisagalla. Sokoni, msikitini, kanisani na shuleni hunenwa Kiswahili. Msamiati wa chakula unaojadiliwa hapa, basi, ni mali ya watu ambao lugha zao za mama ni tofauti lakini wanalazimika kula pamoja.

Kutoka kiporo hadi firigisi

Siku ya shamba huanza na kiporo. Chakula kilichobaki usiku, kiwe ugali au kimanga, hupashwa moto na kuliwa kwa chai ya rangi kabla ya jua kuchomoza sawasawa. Kimanga ni chakula mashuhuri cha Wataita: muhogo, viazi vitamu au ndizi hupikwa pamoja na maharagwe au kunde, kisha vyote vikapondwa kwa mwiko hadi vishikane. Kikilala hupungua utamu lakini hushibisha zaidi, ndivyo wanavyodai walaji wake.

Kamusi huweka kiporo, mwiku na bariyo karibu karibu, kana kwamba ni visawe. Katika matumizi kuna tofauti inayostahili kuzingatiwa. Kiporo na mwiku hutaja hali ya chakula: kimelala. Bariyo hutaja nia: kimewekwa kwa makusudi ili kiliwe asubuhi. Makombo ni kitu kingine kabisa. Ni kilichobaki baada ya mtu kula, chenye alama ya mkono wake. Kiporo kina mwenyewe, na mtoto akikila bila ruhusa huulizwa. Makombo hayana mwenyewe tena. Huenda kwa mbwa na kuku. Mgeni aliyekuja ghafla anaweza kupewa kiporo, mradi mwenyeji aombe radhi kwa kutotarajia ujio wake. Akipewa makombo ametukanwa. Hapo lugha imeweka mpaka wa heshima mahali ambapo macho pekee yangeona chakula kilekile katika bakuli lilelile. Ukoko nao, uliogandamana chini ya sufuria, huwa fungu la watoto, na ugomvi wao juu yake ndio somo lao la kwanza la ugavi.

Kazi za mchana zinajulikana na hazihitaji maelezo marefu: kuteka maji, kupalilia, kuchunga mbuzi wawili watatu, kuokota kuni, kuchuma mboga. Kuhusu mboga, hata hivyo, pana jambo. Mnavu, mlenda na mchicha wa porini hujiotea zenyewe, hata katikati ya shamba la mtu. Aghalabu jirani anayechuma ukufi mmoja wa mnavu haitwi mwizi, na huenda hata akapiga hodi akishamaliza kuchuma. Lakini anayevunja hindi moja bichi ameiba, hata kama hindi hilo lina thamani ndogo kuliko ule mnavu. Kigezo hapa ni jasho: kilichopandwa kina fungu la aliyekipanda, na kilichojiotea kina fungu la wote.

Jioni ndipo mafungu yanapoonekana wazi, hasa siku ya kuku. Katika jamii nyingi za Kenya firigisi ni ya baba au ya mgeni wa heshima. Paja hutafutiwa mwenyewe, na shingo na mgongo huishia jikoni. Mwanamke aliyemlea kuku huyo tangu alipokuwa kifaranga, akamfunika kwa tenga mwewe asimwone, ndiye mara nyingi anayekula kipande chenye mifupa mingi. Ni vyema hili lisemwe bila kuficha, kwa kuwa baadhi ya maandishi juu ya mila zetu huusifu ugavi wa Kiafrika kana kwamba kugawana na kutenda haki ni jambo moja. Fungu linaweza kuwa la desturi na bado likawa la dhuluma. Uzuri wa mfumo wa mafungu ni kwamba kila mtu anajua nani amepewa nini, na kwa hiyo dhuluma, ikiwapo, iko mezani mbele ya macho ya wote.

Kuchinja, kuua na kufa

Kiswahili hakimruhusu msemaji kuzungumzia kifo cha mnyama bila kuchukua msimamo. Mnyama wa kuliwa huchinjwa. Nyoka, fisi na panya huuawa. Mnyama aliyekufa mwenyewe huacha mzoga, na nyama yake ni nyamafu au kibudu. Mtu hawezi kusema kwamba aliua kuku kwa ajili ya mgeni bila kuwashangaza wasikilizaji, kwa kuwa kuua kunaondoa katika tendo hilo nia, utaratibu na shukrani.

Utaratibu huo ulikita mizizi katika Kiswahili pamoja na fikihi ya Kiislamu: kisu kiwe kikali, jina la Mungu litajwe, mnyama aelekezwe kibla, koo likatwe kwa haraka, na haipendezi kumnolea kisu mbele ya macho yake. Lakini Voi na vitongoji vyake ni makazi ya Wakristo na Waislamu, na mara nyingi ukoo mmoja una dini zote mbili. Pakiwa na harusi au matanga, familia ya Kikristo humwita jirani Mwislamu aje achinje mbuzi, ili asiwepo mgeni atakayelazimika kukaa mbele ya sahani asile. Desturi hiyo imeenea pwani nzima, na pengine kwa kuzoeleka kwake haijaandikiwa vya kutosha. Anayemwita mchinjaji hahitaji kuamini anachokiamini mchinjaji. Anachojali ni kwamba nyama iwe na fungu la kila aliyealikwa. Swali ambalo vitabu vya falsafa hulijadili kwa kurasa nyingi, yaani jinsi watu wenye imani tofauti wanavyoweza kuwa na maadili ya pamoja, hapa limejibiwa kwa kisu kimoja na jirani mmoja.

Neno kitoweo nalo lina lake la kusema. Kitoweo ni kile kinachosindikiza ugali au wali: nyama, samaki, mboga, hata chumvi na pilipili wakati wa dhiki. Kwa mujibu wa neno hili nyama haina cheo cha kuwa mlo. Ni msindikizaji, na kidogo chake kinatosha. Mkulima anayesema hana kitoweo hasemi kwamba hana chakula. Anasema chakula chake kitaliwa kikavu. Msomi anayetafuta neno la Kiswahili la kuhimiza watu wapunguze nyama angeweza kuanzia hapo badala ya kutunga istilahi mpya.

Hasira ya aliyenyimwa

Mwanaanthropolojia Grace Harris, katika kitabu chake juu ya dini ya Wataita kilichochapishwa mwaka 1978, alionyesha kwamba kiini cha dini hiyo ya jadi kilikuwa kuondoa hasira moyoni. Ndugu, mzee au hata mzimu ambaye haki yake ilipuuzwa aliweza, kwa hasira aliyoifungia moyoni, kuleta maradhi na mikosi kwa wahusika bila hata kukusudia. Dawa yake ilikuwa kutasa: mtu huvuta funda la pombe ya miwa au la maji, akalipuliza nje kwa kunyunyiza huku akitamka maneno ya kuiachilia hasira na kuomba heri.

Kwa mada ya makala haya, jambo la kuzingatiwa ni kwamba chombo cha upatanisho ni kinywa kilekile kinacholia chakula, na kwamba kinywaji hakimezwi bali hutolewa. Aliyeshikilia hasira ni aliyemeza kitu kisichopaswa kumezwa. Hata leo, pale ambapo wengi ni waumini wa makanisa na misikiti na kutasa si tendo la kila siku, hofu ya kumwacha mtu na kinyongo cha chakula haijatoweka. Aliyechinja mbuzi na jirani akasikia harufu bila kupata hata mfupa hujua kwamba ameweka deni. Methali ya Kiswahili, mla cha mwenziwe na chake huliwa, hutazama ugavi kama mzunguko wa kulipana. Fikra ya Kitaita huongeza kwamba kisipoliwa na mwenzio, moyo wake utakula kitu kingine.

Fungu la msimu ujao

Juu ya meko katika jiko la shambani huwa pana magunzi ya mahindi yaliyofungwa kwa maganda yao na kuning'inizwa moshini. Moshi huyakinga na wadudu, na mahali penyewe huyakinga na watu: hakuna anayeweza kuyatungua bila mama wa nyumba kuona. Hiyo ndiyo mbegu. Kwa umbo, punje ya mbegu haina tofauti na punje ya chakula. Tofauti yake ni ya kimaadili tu, na kwa hiyo ndiyo inayovunjika kwa urahisi zaidi. Kula mbegu ni kula fungu la watu ambao bado hawajapata njaa.

Historia ya eneo hili imejaa misimu ambayo mbegu ililiwa. Njaa kubwa ya miaka ya 1880 inakumbukwa hadi leo kwa jina la Mwakisenge. Kizazi kilicho hai kinakumbuka ukame wa 1984, wa 2009 na wa 2017, na karibuni zaidi ule ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 2023, mvua zikikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kame za Kenya. Katika ukame wa namna hiyo, kauli kwamba akiba haiozi husikika kama kejeli, kwani isiyooza ni ile ambayo mtu ameweza kuiweka.

Tena akiba huoza. Mahindi yaliyovunwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumu ambayo Kiswahili cha Tanzania kimeipa jina zuri la sumukuvu. Mwaka 2004, katika Ukambani jirani, sumu hiyo iliwaua watu 125 kati ya 317 waliobainika kuugua. Kabla na baada ya msiba huo mkulima mdogo amekuwa akikabiliwa na swali ambalo halina jibu jepesi. Ana gunia moja lililobadilika rangi. Akilimwaga, nyumba italala njaa. Akiliuza sokoni kwa gorogoro, mnunuzi hataona ubaya wake, maana limechanganywa na zuri. Akiwapa kuku, sumu huenda ikamrudia katika yai na nyama. Hapa ndipo maadili ya mafungu yanapogusa ukomo wake. Mla mahindi wa mjini ni mtu asiyejulikana. Hasira yake haitafika shambani, wala hapana mahali pa kumtasia. Ugavi unaotegemea kuonana uso kwa uso hauna neno la mlaji aliye mbali, na soko limejaa walaji wa namna hiyo.

Mkanganyiko wa istilahi nao hausaidii. Tanzania imezoea kusema uhakika wa chakula kwa maana ya kuwepo kwa chakula cha kutosha wakati wote, na usalama wa chakula kwa maana ya chakula kisichodhuru. Nchini Kenya, matangazo na hotuba nyingi hutumia usalama wa chakula kwa maana zote mbili. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Yaani inazitaja dhana mbili. Mkulima mwenye gunia la kuvu amesimama hasa baina ya dhana hizo: linampa uhakika na kumnyima usalama. Lugha ya ofisi inayotumia neno moja kwa yote mawili haiwezi hata kulieleza tatizo lake, sembuse kulitatua. Huu ni uwanja ambao vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vingeweza kuufanyia kazi bila kungoja ruhusa ya yeyote.

Mlaji asiye na fungu

Inabaki kumzungumzia ndovu. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba Kenya ilikuwa na ndovu 36,280, na takriban 15,000 kati yao walikuwa katika eneo la Tsavo. Kundi dogo tu likiingia shambani kwa usiku mmoja linaweza kumaliza kazi ya miezi minne. Wakati mahindi yanapobeba, watu hukesha. Hujengwa kichanja, huwashwa moto, hupigwa madebe, na mtu husikiliza giza. Asubuhi yake mtoto aliyekesha na baba yake husinzia darasani.

Kitenzi kinachotumika ni kilekile: ndovu wamekula shamba. Hakisemwi kwamba wameiba. Wizi unahitaji anayejua kwamba kitu si chake, na ndovu hajaambiwa. Methali ya kuku wa maskini, ambaye hata akitaga, akaangua na kulea, mwisho wake mwewe humchukua, imezoeleka hapa kiasi cha kutohitaji kumaliziwa. Lakini mwewe hutupiwa jiwe. Ndovu hulindwa na dola. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na neno moja likabadilisha wengine wote: aliyekuwa msasi au mwindaji, mwenye sifa na hata ushairi, akawa jangili. Kwa Wawata, ambao zamani waliwinda ndovu kwa pinde katika nyika hiyohiyo ya Tsavo na ambao walisakwa katika kampeni za miaka ya 1950, badiliko hilo la neno lilikuwa badiliko la riziki. Si lazima mtu autetee ujangili, ambao kwa tamaa ya pembe umemaliza ndovu wengi mno, ndipo atambue kwamba sheria ilifuta fungu moja bila kutaja lingine mahali pake.

Lililotajwa baadaye ni fidia. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na kuruhusu madai ya mazao yaliyoharibiwa kwa kufuata bei ya soko. Neno fidia lilichaguliwa vyema kuliko pengine walivyojua waliolichagua. Katika fikihi, mzee asiyeweza kufunga Ramadhani hutoa fidia, nayo ni chakula: kibaba cha nafaka kwa maskini kwa kila siku moja aliyoikosa. Asili ya fidia, basi, ni mlo unaomfikia mwenye njaa. Fidia ya ofisini ni fomu, ukaguzi, kamati na kungoja, na inapofika, ikifika, huwa ni fedha. Bei ya soko huhesabu magunia. Haihesabu mbegu iliyokuwa iwekwe moshini, wala mgeni aliyekosa kualikwa, wala jirani ambaye fungu lake halikutoka.

Pamoja na hayo, watu wa Sagalla hawamchukii ndovu kwa namna rahisi wanayodhaniwa. Katika ukame wa 2022, serikali ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba, na eneo la Tsavo likawa miongoni mwa yaliyoathirika zaidi. Mkulima aliyepoteza mahindi msimu mmoja aliuona mzoga msimu uliofuata. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa kwamba mnyama yule alikuwa ametafuta kilekile alichokuwa akikitafuta yeye.

Katika Sagalla hiyohiyo, kuanzia mwaka 2009, watafiti walioongozwa na Lucy King wamekuwa wakishirikiana na wakulima kujenga nyua za mizinga ya nyuki. Mizinga huning'inizwa kila baada ya mita 10 kuzunguka shamba, mingine ya kweli na mingine ya bandia, yote ikiwa imeunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka, naye huwaogopa. Matokeo ya miaka mingi yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba, katika misimu ya kilele cha mazao, nyua hizo zilizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia mashamba. Ukame ukizidi, maua hukosekana, nyuki huhama na ua hubaki mbao tupu. Kwa hiyo haifai kusifiwa kupita kiasi. Hata hivyo, kwa maadili ya mafungu ua huu una maana ambayo ua wa umeme hauna. Nyuki nao ni wafugwa wenye haki yao: anayerina asali na kumaliza masega yote huwaua kwa njaa, na kila mrinaji hujua kiasi cha kuwaachia. Mkulima amemkaribisha mlaji mmoja mdogo mwenye fungu ili amzuie mlaji mkubwa asiye nalo, na asali inayouzwa Voi hulipia sehemu ya kile ambacho fidia haijaleta.

Walakini mizinga haijamtoa mlinzi kichanjani. Msimu wa kukomaa mahindi bado kuna anayekesha, na jioni, kabla wengine hawajanawa mikono, mama wa nyumba humpakulia sahani yake na kuifunika juu ya meko, chini ya yale magunzi ya mbegu. Mtu akirejea alfajiri ataikuta. Watoto hawaigusi, hata ikiwa walilala hawajashiba, na wakiulizwa kilichomo hujibu kwamba ni bariyo ya baba.